Kilio Katika Nyumba ya Jirani

Usiku umeingia kijijini. Mvua imekatika, moto umebaki makaa, watoto wamelala. Mara sauti inasikika ng'ambo ya migomba: kwanza maneno ya hasira, kisha kishindo, kisha kilio cha mwanamke. Mbwa wanabweka. Katika nyumba ya karibu mume na mke wanatazamana, na mmoja wao anasema: «Hayo ni mambo ya nyumba ya watu.» Wanajifunika blanketi na kungoja kilio kikome. Asubuhi, kisimani, mama yule anafika ameshusha kitambaa cha kichwa mpaka juu ya jicho. Wenzake wanamwamkia, wanamwuliza habari za watoto na za mihogo. Habari za jicho hakuna anayeziuliza.

Wasomaji wapenzi, hakuna haja ya kutaja jina la kijiji hicho. Nani kati yetu hajakisikia kilio hicho? Nasi tunaoandika haya tumekisikia, na zaidi ya mara moja tumejifunika blanketi. Kwa hiyo hatusemi leo kama waalimu mbele ya wanafunzi wao. Tunasema kama jirani pamoja na jirani zake, nasi twataka kuuliza neno moja tu: je, kweli hayo ni mambo ya nyumba ya watu?

SI VITA PEKE YAKE

Ulimwengu wote umesikia mateso ya wanawake wa Kivu na Ituri. Tangu vita vya mwaka 1996 na vile vya mwaka 1998, watu wenye silaha waliwanajisi wanawake na wasichana wasiohesabika, mashambani, njiani, hata nyumbani mbele ya waume na watoto wao. Daktari Denis Mukwege alipofungua hospitali ya Panzi huko Bukavu mwaka 1999, alitaka akina mama wapate mahali pema pa kuzalia. Lakini mgonjwa wake wa kwanza hakuja kuzaa. Alikuwa mwanamke aliyenajisiwa na kupigwa risasi. Kwa kazi yake ya kuwaponya wanawake wa namna hii, mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Habari hizo tunazijua, na tunazililia. Lakini lipo jambo jingine tusilopenda kulisema. Mwenye bunduki alipokwenda zake, jeuri haikwenda pamoja naye. Na kabla hajafika, ilikuwa imekwisha kukaa nyumbani mwetu. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini kote mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba katika wanawake 100 wenye miaka 15 hadi 49, 52 walikwisha kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Tena 27 walikwisha kulazimishwa tendo la mwili wakati fulani wa maisha yao. Na kwa wale walioolewa, mara nyingi mtenda hakuwa mgeni aliyetoka msituni. Alikuwa mume.

Hesabu moja ya uchunguzi ule inatuumiza kuliko nyingine zote. Watu waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe akiunguza chakula, akitoka bila kuaga, akibishana naye, akiwaacha watoto bila uangalizi au akimkatalia unyumba. Wanawake wapatao 75 katika 100 walikubali walau sababu moja kati ya hizo. Kwa wanaume walikuwa karibu 60. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba fimbo haikai mkononi mwa mume peke yake. Imekwisha kupandwa katika mawazo yetu sote, wake kwa waume, tangu utoto. Ndiyo sababu haitaondolewa na hakimu peke yake, wala na padri peke yake. Kilichopandwa na kijiji hung'olewa na kijiji.

MANENO YANAYOFUNGA MLANGO

Tusikilize maneno yanayosemwa kila siku, maana ndiyo yanayotufanya tufunge mlango.

La kwanza: «Nimetoa mahari.» Mwanaume anasema hivyo kana kwamba alinunua jembe sokoni. Lakini wazee wetu hawakuufahamu mahari hivyo. Ng'ombe na mbuzi walikuwa ushuhuda wa mapatano ya jamaa mbili, wala hawakuwa bei ya mtu. Kwa makabila mengi ya kwetu, mke aliyepigwa alikimbilia kwa baba yake, na mume hakumpata tena mpaka amekwenda kwa wakwe na pombe yake ya toba, ameketi chini, amejieleza mbele ya wazee. Jamaa iliyopokea ng'ombe haikupokea nyama tu, ilibaki na haki ya kuuliza: «Binti yetu yu hali gani?» Leo ng'ombe wamegeuka kuwa dola, na haki ya kuuliza imesahauliwa. Basi anayejitetea kwa desturi ya wazee ameshika nusu ya desturi, ile nusu inayompendeza.

La pili: «Ni pombe.» Ni kweli, kasiksi na hasa kanyanga zimevunja nyumba nyingi. Lakini tutazame vizuri. Mlevi huyo huyo akikutana na mkubwa wake njiani humwamkia kwa adabu, wala hampigi askari wa barazani. Anajua bado nani apigwe na nani aogopwe. Pombe hufungua mlango, lakini jeuri ilikuwa imekwisha kukaa ndani ikingoja.

La tatu: «Mwanamke mkristu avumilie, abebe msalaba wake.» Hapo tujikosoe sisi wenyewe, watu wa Kanisa. Mara ngapi mama amefika misioni na uso uliovimba, naye akarudishwa nyumbani kwa neno hilo? Bwana wetu Yezu Kristu alibeba msalaba wake kwa hiari. Hakuna mume aliyepewa kazi ya kumtundika mkewe msalabani. Mtakatifu Paulo, katika barua yake kwa Waefeso, anawataka waume wawapende wake zao jinsi Kristu alivyolipenda Kanisa. Na Kristu alilipenda kwa kujitoa mwenyewe, si kwa kulipiga. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alifundisha wazi kwamba jeuri ya maneno, ya mwili au ya unyumba hupingana na maana yenyewe ya ndoa. Na sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1153, inakubali kwamba mume au mke anayeuhatarisha vibaya mwili au roho ya mwenzake humpa mwenzake sababu halali ya kuondoka; na hatari ikiwa karibu, aweza kuondoka bila kungoja ruhusa. Basi mama anayekimbia usiku na watoto wake ili asiuawe hakuvunja sakramenti. Aliyeinua panga ndiye aliyeivunjia heshima.

MBUZI MMOJA KWA MSICHANA MMOJA

Mara nyingi mambo hupita hivi. Msichana wa miaka 14 ametumwa kuokota kuni, naye anarudi analia. Mtenda anajulikana: ni kijana wa mlima ule ule, au mwenye duka, au hata mtu aliyeaminiwa kufundisha watoto. Kabla juma halijaisha, jamaa zimekutana. Upande mmoja umeleta mbuzi na mtungi wa kasiksi. Mwingine anashauri: «Kijana amwoe, aibu iishe.» Baba anatazama chini, anakubali. Wanakunywa, wanapeana mikono, wanasema amani imerudi. Msichana mwenyewe hakuitwa barazani.

Tusiwadharau wazee hao. Mahakama ni mbali, njia ni mbaya, na anayeshitaki hudaiwa fedha kila mlango anaoubisha. Mapigano yaliyofika Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025 yaliuzidisha ugumu huo. Mpatanishi wa kijiji hufikiri anafanya mema. Lakini matokeo ni nini? Mbuzi huliwa siku moja. Yule msichana hubeba mzigo wake maisha yote, na akiozwa kwa mtenda, hulala kila usiku kando ya adui yake. Naye kijana amejifunza jambo moja tu: amejua bei. Kesho atamtafuta mwingine, maana mbuzi hawajaisha zizini.

Sheria ya nchi yetu haikubali mapatano hayo. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006, namba 06/018 na 06/019, zinamtia anayebaka kifungo cha miaka 5 hadi 20. Tendo la mwili na mtoto asiyetimiza miaka 18 huhesabiwa kuwa ubakaji, hata ikisemwa kwamba alikubali. Kesi ya namna hiyo haizimwi kwa kulipa faini, na mzazi anayemwoza mtu kwa nguvu aweza kufungwa mwaka 1 hadi miaka 12. Tena tangu sheria ya jamaa ilipotengenezwa upya tarehe 15 Julai 2016, umri wa kuoa na wa kuolewa ni miaka 18, kwa kijana na kwa msichana sawasawa. Zamani msichana aliweza kuozwa akiwa na miaka 15.

Basi tuseme wazi. Baraza la wazee ni kitu chema: lipatanishe watu juu ya mipaka ya mashamba, mbuzi waliokula mihogo, matusi na madeni. Lakini kesi ya kunajisi si yake. Mzee anayepokea mbuzi yule haimalizi kesi, anaificha.

YALIYOTENDEKA KATIKA VIJIJI VYA ITURI

Wengine watasema: «Mnaandika vizuri, lakini watu hawageuki.» Tuwajibu kwa habari ya nchini mwetu. Kati ya mwaka 2015 na 2018, shirika la Tearfund pamoja na HEAL Africa ya Goma walifanya kazi katika vijiji 15 vya mbali mkoani Ituri, vijiji vilivyokwisha kuonja vita. Hawakuanza kwa askari wala kwa hakimu. Walianza kwa wale wanaosikilizwa na watu kila juma, yaani viongozi wa makanisa na wa Waislamu. Hao walifundishwa kwanza kujichunguza wenyewe na nyumba zao, kisha wakaanza kusema mahali pa ibada.

Baadaye walichaguliwa watu wa kijiji, wanaume na wanawake, wa kuongoza mazungumzo. Kwa majuma 6 wanaume walikutana peke yao, na wanawake peke yao. Walizungumza juu ya kazi za nyumbani, juu ya nguvu na matumizi yake, juu ya yale waliyoyaona kwa baba na mama zao. Mwishoni pande mbili zilikaa pamoja na kusikilizana. Tena liliundwa kundi la kumsindikiza mwanamke aliyeumizwa mpaka apate msaada.

Matokeo yalihesabiwa. Mwanzoni karibu wanawake 7 katika 10 wenye mume au mwenzi walisema walitendewa jeuri naye katika mwaka uliopita. Mwishoni walikuwa karibu 3 katika 10. Hatusemi kwamba mazungumzo peke yake yalileta badiliko lote, wala kwamba 3 katika 10 ni idadi ndogo. Twasema tu kwamba vijiji vya mbali, vyenye vita na umaskini kama vyetu, viligeuka kwa miaka michache. Haikuhitajika kwanza barabara ya lami wala umeme. Ilihitajika watu waketi na kusema kweli.

SHIRIKA LETU LIFANYE NINI?

Nasi tunacho chombo tayari. Tangu mwaka 1961 maaskofu wa nchi yetu walichagua kujenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo za wakristu, zile ambazo kwetu Kivu tunaziita mashirika. Katika shirika tunajuana kwa majina, tunasali pamoja, tunazikana. Je, tunaweza kumbeba jirani yetu amekufa, tusiweze kumgongea mlango akiwa hai?

Kwanza, wanaume wazungumze na wanaume. Mume mwenye hasira husikia aibu mbele ya wenzake kuliko mbele ya sheria. Katekista na baba wawili watatu wenye nyumba za amani wamwendee mapema, kabla fimbo haijainuka, wasimtukane, wamwulize: «Ndugu yetu, una nini?» Mtu asiyekuwa na mahali pa kuweka uchungu wake huutupia walio chini yake.

Pili, fedha zisiwe siri. Ugomvi mwingi huanza siku ya soko. Mama amelima, amepalilia, amebeba kitunga kwa mukongo mgongoni, na jioni fedha zimeishia mahali pa pombe. Makundi ya akiba, yale yanayoitwa AVEC, yameinua wanawake wengi. Lakini mama akiitwa peke yake na mume akaachwa gizani, wivu waweza kuzaliwa. Mume na mke waketi pamoja, wahesabu mavuno, wapange pamoja karo ya shule, dawa, chumvi na mbegu. Meza ya hesabu ni shule nzuri ya ndoa.

Tatu, maandalio ya ndoa yasiwe ya katekisimu peke yake. Binti aulizwe faraghani, mbali na baba na wajomba, kama kweli anataka. Kanisa linafundisha kwamba ndoa ya kulazimishwa si ndoa. Na kijana aulizwe kwa upole: baba yako alimtendeaje mama yako? Nawe utafanyaje siku utakapokasirika?

Nne, jirani asifunge mlango. Kilio kikisikika, wasiende mmoja mmoja. Waende watatu au wanne, wanaume na wanawake. Wapige hodi kwa sauti. Waombe moto, waombe chumvi, waulizie mgonjwa, lo lote lile. Mara nyingi hodi moja imeshusha mkono ulioinuliwa. Kama mwenye nyumba ameshika panga, wasiingie kwa nguvu. Waite wengine, na mama na watoto wapewe mahali pa kulala. Kila shirika lichague mapema nyumba moja ya amani, ili mama asianze kutafuta njia usiku wa hatari.

SAA 72

Neno hili kila mama, kila katekista na kila mkubwa wa kijiji alishike. Mtu aliyenajisiwa afikishwe kwenye kituo cha afya au hospitali upesi, kabla saa 72 hazijapita, yaani siku 3. Ziko dawa za kuzuia virusi vya ukimwi visishike mwilini, lakini zikichelewa kupita siku hizo hazimsaidii tena. Na zikianzwa saa za kwanza husaidia zaidi. Kama yawezekana asioge kwanza, na nguo alizovaa zitunzwe, zisifuliwe, maana ni ushuhuda. Mganga amwandikie karatasi ya uchunguzi. Siku 3 zikipita, aende vilevile: vidonda, magonjwa na uchungu wa moyo bado vyataka kutibiwa.

Mama mmoja wa kuaminika amsindikize, asimwulize maswali mengi njiani, wala asimtangaze. Tusimwulize alivaa nini, wala alikuwa wapi saa ile. Aulizwe hivyo mwizi, si aliyeibiwa.

ANUARITE NA DADA ZAKE

Kila mwaka, tangu tarehe 25 Novemba hadi 10 Desemba, nchi nyingi huadhimisha siku 16 za kupinga jeuri dhidi ya wanawake. Katikati ya siku hizo, tarehe 1 Desemba, Kanisa letu hufanya sikukuu ya Mwenye Heri Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta. Tarehe hiyo, mwaka 1964, huko Isiro, mtawa huyo kijana wa Jamaa Takatifu alimkatalia mkubwa wa waasi aliyetaka kumtwaa kwa nguvu. Aliuawa, naye akamsamehe mwuaji wake. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri huko Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Tunamwimbia Anuarite, tunawapa binti zetu jina lake, na ni vema. Lakini tusimfanye fimbo ya kuwapigia wanawake wengine. Yule aliyezidiwa nguvu akabaki hai hakutenda dhambi, wala hakupoteza heshima hata kidogo. Dhambi ni ya mtenda, na aibu ni ya mtenda. Mume anayemfukuza mke aliyenajisiwa anamjeruhi mara ya pili, na kijiji kinachomcheka mtoto aliyezaliwa hivyo kinamhukumu asiye na kosa. Anuarite alisema «hapana» mbele ya mtu mwenye silaha. Sisi twaombwa jambo jepesi kuliko hilo: kusema «hapana» mbele ya jirani yetu, ndugu yetu, rafiki yetu wa kasiksi, na mbele ya hasira yetu wenyewe.

Wasomaji wapenzi, usiku utaingia tena leo. Mvua itakatika, watoto watalala, na huenda ng'ambo ya migomba sauti itasikika. Siku moja Mungu hatatuuliza tu kama tulipiga. Atatuuliza pia kama tulisikia, na tulipokwisha kusikia tulikwenda wapi. Heri nyumba ile ambamo, wakati huo, baba atavaa viatu vyake, mama atawasha taa, nao watatoka pamoja kwenda kupiga hodi.